Wodi na Daktari wa Familia Wakiwa na Mfuko Mmoja

SWALI: Ninamuuguza mama mkwe hapa Leicester, ana kisukari na ugonjwa wa moyo. Kila anaporuhusiwa hospitalini, barua humfikia daktari wa familia ikiwa imechelewa, nasi tunabaki na mifuko miwili ya dawa zisizopatana. Nasikia Kaiser Permanente, shirika la bima na matibabu la Marekani, limeunganisha huduma zote. Je, NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa Uingereza, ina la kujifunza huko?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu msomaji. La kujifunza lipo, nalo linahusu namna fedha zinavyopita. Mwaka 1933 Dkt. Sidney Garfield alifungua hospitali ndogo katika jangwa la Mojave, kuwatibu wafanyakazi wa mfereji wa kupeleka maji kusini mwa California, na alikaribia kufilisika hadi alipokubaliana na kampuni ya bima alipwe mapema senti 5 kwa siku kwa kila mfanyakazi. Tangu hapo aliyeumia akawa gharama, si mapato, na husimuliwa kwamba daktari mwenyewe alizunguka kazini akigongomea misumari iliyotokeza kwenye mbao. Kaiser ilichipuka kutokana na mpango huo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wagonjwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ukaona kwamba kwa sababu 11 kuu za kulazwa, NHS ilitumia siku za kitanda mara tatu na nusu ya zile za Kaiser. Huko daktari bingwa, daktari wa familia na hospitali hutegemea bajeti moja, kwa hiyo hakuna anayenufaika mgonjwa akikawia wodini. Uingereza, tangu 1948, madaktari wengi wa familia wako nje ya mfuko wa hospitali, na matunzo ya wazee yako chini ya halmashauri. Bodi 42 za huduma jumuishi, zilizoanza England Julai 2022, zilikusudiwa kuziba pengo hilo, ingawa naamini bodi pekee haitoshi iwapo kila upande unaendelea kulinda fedha zake.

Hata hivyo, nisingependa NHS iige bima ya Kaiser, kwa kuwa Kaiser huhudumia wanachama wake, ilhali NHS humpokea kila mkazi.

Kwa mama, kabla hajaruhusiwa, iombeni wodi ipeleke orodha ya dawa zake kwenye duka lenu la dawa kupitia huduma iliyoanzishwa England mwaka 2021 kwa ajili hiyo hasa, kisha mpelekeeni mfamasia mifuko yote miwili, aitoe dawa moja moja mezani na kuilinganisha na orodha hiyo.