Maswali ya gereji: kulainisha bloku na vifuniko vya injini ya zamani

Swali: Mhariri, ninaijenga upya Land Rover Series IIA 109 yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Bloku, yaani mwili mkuu wa injini, iko tupu mezani, inasubiri kwenda kuchongwa silinda. Nje imejaa vinundu, na kuna mshono mrefu ulioachwa na kalibu ya mchanga kiwandani. Ningependa iwe laini, ipakwe rangi na kung'aa, maana nia yangu ni kuipeleka Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, Nairobi. Nianzie wapi?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Anza kwa kutoipeleka kuchongwa bado. Tupa na msasa hutangulia, karakana ya mashine hufuata, na kuosha kwa mwisho huja baada ya yote mawili. Ukipindua mpangilio huo, unga wa chuma utaingia kwenye silinda zilizochongwa upya. Isitoshe, grainda ikiteleza mara moja tu juu ya uso uliokwisha kusawazishwa, gasketi ya hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) itavuja.

Toa kila kitu kinachotoka: plagi za maji za pembeni, vizibo vya njia za oili na beringi za kemushafti. Osha grisi yote kwa mafuta ya taa kisha sabuni, kwa sababu msasa ukipita juu ya grisi huziba na kuisukuma ndani ya vitundu vya chuma, na rangi itakuja kubanduka hapo hapo.

Sasa chukua chaki uchore mipaka. Usiguse uso wa hedi, wa sampu (bakuli la oili la chini), wa mbele, wa nyuma inaposhika nyumba ya flaiwili, wala nyuso za maunti (vishikio vya injini). Usiguse kabisa namba ya injini, iliyogongwa upande wa kushoto wa bloku, mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba ya kutolea moshi. Namba hiyo imo kwenye hati ya usajili. Ukiifuta umejinunulia matatizo na polisi na wakaguzi, hata kama gari ni lako kihalali. Namba zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe nazo ziache, ndizo zinazosaidia kuitambua bloku. Juu funga hedi kuukuu au bamba la chuma kwa bolti. Kanda ya gundi peke yake haizuii cheche.

Chombo kikuu ni grainda ndogo ya mkono ya mizunguko 20,000 hadi 25,000 kwa dakika, yenye kichwa cha kabaidi (kigumu kuliko chuma) cha umbo la yai, kipenyo cha milimita 10 hadi 12, meno ya kukatana. Kata mshono kwa kuupitia kwa urefu, kwa mkono mwepesi, kichwa kikiwa hakitulii mahali pamoja. Pande pana zilizo wazi zipitie kwa diski ya msasa wa mapande (vipande vya msasa vilivyopangwa kama magamba) namba 60, halafu 80. Diski ngumu ya kukatia au kusagia vyuma iache kabatini, kwani huchimba mifereji ambayo utaitafuta kwa msasa siku nzima. Pembeni na kwenye kona malizia kwa mkono, namba 80 kisha 120. Kama utapaka rangi, ishia hapo. Ukipita 180 rangi hupungukiwa pa kushika.

Hapa ndipo wengi huharibu: hawajui pa kuacha. Ondoa mshono, vinundu na punje za mchanga zilizogandamana na chuma, basi. Ukuta wa njia za maji ya kupozea wa bloku una unene wa milimita chache tu, na hauko sawa pande zote, kwa kuwa kiini cha mchanga, kinachoacha nafasi ya maji ndani, huweza kuhama kidogo wakati wa kusubu. Ongeza miaka ya kutu iliyoula kutoka ndani. Kitundu kirefu usikifukuze kwa grainda hadi kiishe. Kijaze kwa epoksi ya chuma ya sehemu mbili, kama J-B Weld, inayovumilia takriban nyuzi 280 za Selsiasi, kisha uisawazishe baada ya saa 24. Puti ya bodi isitumike kwenye injini, hulegea kwa joto na oili. Karibu na njia za ekzosi usijaze chochote.

Bloku ikirudi kutoka karakana, iosheni watu wawili kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mkipitisha brashi ndefu ndani ya kila njia ya oili, pande zote mbili. Msitegemee sumaku: huokota chuma, lakini punje za msasa huziacha, na hizo ndizo zinazokwangua beringi. Kausheni kwa kompresa na kupaka silinda oili papo hapo, maana chuma kilichochongwa huanza kutu ndani ya dakika. Futeni silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe. Kikitoka kijivu, rudieni.

Rangi: futa kwa thina, praima nyembamba, kisha koti mbili au tatu nyembamba za rangi ya injini. Koti nene huonekana zuri wiki ya kwanza tu.

Swali: Kifuniko cha alumini cha cheni ya taimingi nikipige hadi king'ae kama kioo? Msasa unaziba kila dakika.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Alumini ni laini na hugandamana kwenye meno. Tumia kichwa cha kabaidi cha meno mapana, kilichotengenezewa alumini, na ukipake nta ya mshumaa kila mara. Baada ya hapo 120, 180, 240, 320, 400, kisha 600 kwa maji. Usiruke namba, mikwaruzo ya 120 huonekana chini ya mng'ao. Mwishoni kitambaa na dawa ya kung'arishia.

Brashi ya waya wa chuma huacha chembe zinazopata kutu juu ya alumini, kwa hiyo chukua ya shaba. Usikiloweke kifuniko kwenye magadi makali ya kusafishia: huyeyusha alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Mahali sili ya oili inapokaa paachwe kama palivyo. Kwa maoni yetu, mng'ao hafifu wa 400 hupendeza zaidi ya kioo, na haudai kung'arishwa kila mwezi.

Swali: Je, kulainisha huongeza nguvu au kupoza injini?
*Msomaji, Kampala*

Jibu: Nje, hapana. Ndani, kidogo: kuondoa mabaki ya mchanga na vinundu kwenye chumba cha tapeti (vijiti vinavyosukuma vali) husaidia oili kurudi sampu na kuzuia punje kudondoka baadaye. Kwenye hedi, ondoa ngazi kati ya manifoldi na njia ya kuingizia, lakini usiing'arishe. Kwa kabureta, petroli hushikamana na ukuta laini kama matone badala ya kubaki mvuke.

Swali: Nataka kufanya hivyo kwenye injini ya Volkswagen Beetle. Kuna tofauti?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Tofauti kubwa. Kesi ya injini ya Beetle ni aloi ya magnesi, na unga wake huwaka. Tumia tupa kali ya meno makubwa, kwa mkono, si grainda. Vipande vikubwa huwaka kwa shida kuliko unga. Fagia mara kwa mara, usichanganye na cheche za chuma mahali pamoja, na weka ndoo ya mchanga mkavu kabisa karibu. Moto ukizuka usimwage maji, yakikutana na magnesi inayowaka hutoa haidrojeni. Nyuso mbili zinazokutana za kesi ziko pamoja tangu kuchongwa, kwa hiyo tupa isizifikie, hata kufuta kinundu kilicho ukingoni kabisa.