CarPlay na Android Auto kwenye Toyota ya zamani: usianze na skrini

Mkuu, umeuliza jinsi ya kupata CarPlay ya iPhone au Android Auto ya simu za Android (zinazoleta ramani, muziki na simu yako kwenye kioo cha gari) kwenye Premio yako ya 2009 yenye redio ya Kijapani, na umesema kuna muuzaji amekuonesha kidude cha USB cha "CarPlay bila waya". Nianze na hicho kidude, maana kimekula hela za watu wengi. Hakitakusaidia. Kazi yake ni kuondoa waya kwenye gari ambayo tayari ina CarPlay ya waya tangu kiwandani. CarPlay ilitangazwa 2014 na Android Auto ikaanza kutumika 2015, sasa redio ya 2009 itaijulia wapi? Ukikichomeka kitawasha taa tu, basi. Muuzaji hatakwambia hilo.

Mimi nina Premio kama yako (hizi za toleo la 260), na shemeji yangu ana Toyota Harrier, ile wanayoiita tako la nyani. Zote mbili leo zina CarPlay, ila tulipita njia tofauti kabisa. Sababu ni moja: redio ya Premio ni redio tu, ya Harrier ile ina kazi nyingine. Kwa hiyo kabla hujauliza inchi ngapi na RAM ngapi, kaa kwenye gari lako ubonyeze kila kitu uone hiyo redio inabeba majukumu gani. Je, kioo chake ndicho kinachoonesha AC? Kamera ya rivasi inatokea hapo? Vitufe vya usukani vinaiongoza? Kuna spika zilizoandikwa JBL? Majibu ya hayo maswali ndiyo yatakayokuchagulia njia.

Kwenye Premio AC ina vitufe vyake chini, haina uhusiano na redio. Ukiing'oa, gari halijali. Tatizo la kwanza ni upana tu: redio nyingi za Toyota za Japani zina upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida za madukani zina kama 178. Ukinunua ya inchi 7 ya kawaida utabaki na nafasi pembeni, fundi atakuwekea vipande vya plastiki na utaviona kila siku. Chukua ya 200, au ile ya inchi 9 inayokuja na fremu ya Premio/Allion yenyewe. Na hakikisha boksi lina plagi za Toyota tayari, ile ya pini 10 na ya pini 6. Hizo mbili zinabeba umeme na spika zote. Fundi akitoa kisu akaanza kukata waya za gari huku plagi zimo ndani ya boksi, mwambie asimame.

Sasa niseme sehemu tatu za waya ambazo ukizisimamia mwenyewe utalala usingizi.

Ya kwanza ni nyekundu na njano. Njano ni umeme wa kudumu, unatunza kumbukumbu. Nyekundu ni ACC, inapata umeme ukizungusha funguo. Kuna mafundi wanaoziunganisha pamoja kwenye umeme wa kudumu kwa sababu redio "inawaka haraka". Ndiyo, inawaka haraka, halafu asubuhi gari haliwaki. Kazi ikiisha, funga milango, subiri gari litulie, kisha mwambie apime kwa mita kwenye hasi ya betri. Ukikuta gari lililolala linakula zaidi ya milliampia 50 hivi, kuna kitu hakijalala. Mafundi wengi watakukunjia uso ukiomba hicho kipimo. Omba.

Ya pili ni ya bluu. Gari ikiwa na antena ndani ya kioo cha nyuma, kuna kikuza mawimbi kidogo ambacho kinahitaji umeme kutoka kwenye redio, na waya wake ni huo wa bluu. Usipounganishwa, FM inakwaruza hata ukiwa Mwenge hapa Dar, na utaambiwa "hizi redio za Kichina ndivyo zilivyo". Hapana, ni waya.

Ya tatu ni ya kamera. Kamera nyingi za kiwanda za Toyota zinatumia volti 6, si 12. Redio mpya inatoa 12. Ukichomeka moja kwa moja unaweza kuiunguza kamera nzima kabisa. Kuna kifaa kidogo cha kushusha umeme kinakaa katikati, bei yake si ya kutisha. Na waya wa ishara ya rivasi, ule unaoiambia redio umeweka gia ya nyuma, uchukuliwe ndani ya gari. Hakuna haja ya kwenda kukwangua waya kwenye taa ya nyuma.

Vitufe vya usukani usiviogope. Toyota hizi zinatumia ukinzani: kila kitufe kinatoa kiasi chake tofauti kwenye waya uleule, redio mpya unaifundisha. Unaingia kwenye mipangilio, unashikilia kitufe cha kuongeza sauti, unaiambia hiki ni cha kuongeza, unaenda kingine. Dakika chache umemaliza.

Kingine ambacho hukukiuliza lakini utakifurahia kuliko CarPlay yenyewe: FM. Japani FM yao inaanzia 76 na redio nyingi za zamani zinaishia 90, sisi tunaanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana hapa Dar unapata Wasafi kwenye 88.9 lakini EFM kwenye 93.7 huioni. Wengi tumefungiwa kile kifaa cha kushusha masafa nyuma ya redio. Ukiwa na cha kushusha 15, EFM unaitafuta kwenye 78.7. Sasa, ukiweka redio mpya, hakikisha kile kifaa kinatolewa kwenye waya wa antena, halafu kwenye mipangilio ya redio uchague eneo la Ulaya badala ya Japani. Fundi akikisahau humo ndani, utakaa unajiuliza kwa nini stesheni zote zimehama.

Kuhusu redio yenyewe, sitakutajia ununue ya nani. Ila usidanganyike na namba ya toleo la Android iliyoandikwa kwenye boksi. Nyingi zinasema 13 au 14 na ukichimba ndani unakuta ni 10 iliyovalishwa koti. Kama lengo lako ni CarPlay na Android Auto tu, hiyo namba haina maana sana, kwa sababu kazi yote inafanywa na simu. Redio inabaki kioo na spika. Uliza vitu viwili tu: programu ya kuunganisha simu (mara nyingi inaitwa ZLink) imo na inafanya kazi, na RAM isiwe ile ya GB 1, hiyo itakutesa. Ijaribu dukani kwa simu yako, si kwa simu ya muuzaji. Bila waya inavyofanya kazi ni kwamba Bluetooth inatambulisha simu na redio, kisha mzigo wenyewe unapita kwenye Wi-Fi. Wi-Fi ya simu ukiizima, haiungi. Bando linabaki la simu, kwa hiyo huna haja ya kuinunulia redio laini. Simu itapata joto, hasa ukiwa unaichaji juani, kwa hiyo usiiache juu ya dashibodi.

Ongezea na maiki ya nje. Maiki iliyofichwa kwenye uso wa redio itakufanya usikike kama unaongea ukiwa ndani ya pipa. Ivushe ikae juu ya usukani au kwenye nguzo ya kioo cha mbele.

Tahadhari ya redio ya zamani: baadhi ya navigesheni za Toyota zikikatiwa betri zinajifunga na kuomba namba ya ERC (ya kuzifungulia), au zinalilia kadi ya SD ya ramani, na maandishi yote ni Kijapani. Kamera ya Google Translate itakusomea. Kama unataka kuiuza au kuirudisha siku moja, jua hilo kabla mtu hajagusa hasi ya betri.

Sasa Harrier ya shemeji. Ile ina kioo cha kiwandani ambacho navigesheni, redio na maelezo ya AC vyote vinaonekana humo. Fundi mmoja alikuwa tayari kuking'oa palepale, na ukiuliza AC itaonekana wapi anasema "tutaona". Tulikiacha. Tukachukua skrini ya kusimama juu ya dashibodi, ina CarPlay na Android Auto ndani yake na inakula umeme wa tundu la sigara. Sauti ndiyo iliyokuwa mtihani. Skrini hizi zinakuja na uwezo wa kurusha sauti kwa FM, lakini redio ya Kijapani inapokea mwisho 90, kwa hiyo una kipande cha 87.5 hadi 90 tu, na Dar kipande hicho kimejaa stesheni za watu. Ukivuka Ubungo wimbo wako unaingiliwa na mtangazaji. Tulichokuta ni kwamba baadhi ya Toyota za enzi hizo zina matundu ya VTR ya kuingizia picha na sauti kutoka nje, yale ya njano, nyeupe na nyekundu, na yake yalikuwa ndani ya boksi la kati. Waya wa sauti (AUX) upande mmoja kwenye skrini, nyeupe na nyekundu upande wa pili, unabonyeza VTR, sauti inatoka safi kwenye spika zote. Picha huihitaji, unayo juu.

Kama yako ina JBL, ungeiacha redio ya kiwanda hivyohivyo, au ununue adapta yake maalumu, maana amplifaya ile inasubiri kuamshwa na redio ya kiwanda. Redio ngeni ikiwekwa peke yake, spika zinakaa kimya.

Lile suala la kuunganisha waya wa handibreki kwenye bodi ya gari ili redio idhani umesimama na video icheze ukiendesha, mimi nilimkatalia fundi. CarPlay yenyewe haichezi video barabarani na bado ina kila kitu unachohitaji.

Ukiifungua redio yako, piga picha ya plagi za nyuma na karatasi ya namba ya redio iliyobandikwa juu yake, uiweke hapa kabla hujaenda Kariakoo kununua. Nitakwambia ipi ni ipi.