Mwanangu, usitume pesa ya nyumba ya Kaziba

Mwanangu mpenzi,

Picha ulizonitumia kutoka Lubumbashi nimezitazama zote pamoja na dada zako. Nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati mekundu, hektari tatu kwenye milima ya Kaziba huko Kivu Kusini, mikaratusi upande wa juu, kijito upande wa chini. Ni pazuri, sikatai. Umeniuliza kama karatasi ya mauzo yenye saini ya chefu wa kijiji inatosha, kwa sababu komisioneri, yule dalali wa ardhi, amekwambia huko milimani hakuna anayedai zaidi ya hiyo. Haitoshi, binti yangu. Usitume pesa kwanza.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na cheti cha usajili anachotoa konservateri wa hati za ardhi, baada ya watu wa kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, kupima na kuweka mipaka. Kwa shamba la kijijini, kabla ya hapo unafanyika uchunguzi: mtumishi anafika mahali penyewe, anauliza majirani nani analima pale na nani anadai. Cheti kikishatimiza miaka 2, kukipinga kunakuwa kugumu sana. Karatasi ya chefu ni mwanzo wa safari hiyo, na wengi wanaishia hapo kwa sababu safari yenyewe ni ghali na ndefu.

Lakini mimi, hata kabla ya kadasta, ningeuliza hivi: huyu muuzaji, baba yake alipataje hilo shamba? Wewe umekulia mjini, hukupata nafasi ya kusikia wazee wakizozana juu ya mambo haya. Kwetu Bushi, nchi ya Washi, kuna kalinzi, ambapo familia ilimtolea mwami, yaani mtawala wa jadi, au wakubwa wake ng'ombe ili ikae na kurithisha watoto. Na kuna bwasa, ambayo ni kukodi kwa muda: unalima maharage yako, lakini hupandi migomba wala kahawa, kwa sababu mmea unaodumu ungekufanya uonekane mwenyeji. Kama familia ile ilikaa kwa bwasa, haina shamba la kuuza, hata nyumba ingekuwa nzuri namna gani. Ajuaye ni jirani mzee. Chefu kijana anaweza kusaini bila kujua.

Sasa nisikilize vizuri kwa hili, maana ndilo linaloniumiza moyo. Katika karatasi uliyonitumia kuna saini za wanaume watatu, ndugu wa tumbo moja. Dada zao wako wapi? Baba yao amekufa, wewe mwenyewe umeniandikia hivyo. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wa kike sawa na wa kiume. Mama yao kama yuko hai naye ana haki zake. Milimani watu wanajifanya hawajui hayo. Binti akishaolewa wanasema amekwenda kwao. Katika kazi yetu ya kamati ya Haki na Amani parokiani, kesi za mashamba zinarudi kila mara kwa mlango huo: shamba limeuzwa, mnunuzi amejenga, halafu dada aliyeolewa mbali anafika na watoto wake mgongoni kudai sehemu yake. Naye anadai haki. Sitaki uwe wewe unayemfungia mlango mwanamke mwenzio.

Halafu hali ya sasa unaijua. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, watu wengi wamehama vijiji vyao, na wengine wanauza ili wale. Muuzaji mwenye njaa hasubiri ndugu aliyekimbilia Uvira au Burundi. Ndugu huyo akirudi atakukuta wewe. Na karatasi ya ofisi inayosainiwa leo chini ya utawala huu, kesho inaweza kukataliwa na upande mwingine. Kwa hiyo bei ile ndogo inayokufurahisha mimi inanitisha.

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema machache. Kile kijito kinachopendeza kwenye picha, uliza kinafanya nini mvua kubwa ya Aprili ikinyesha. Hukusahau Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Mei 2023, maji na matope yalipoua zaidi ya watu 400 kwa siku moja. Tazama kama mteremko una mitaro ya kuzuia udongo. Uliza pia barabara inaishia wapi, na mgonjwa akizidiwa anabebwa kwa kipoyi, ile machela ya mabegani, kwa muda gani kufika hospitali. Na ukumbuke kwamba madini yaliyo chini si yako hata ukiwa na cheti. Jirani wa Kaziba ni Luhwindja, watu wa huko wanajua dhahabu inavyohamisha vijiji.

Sikukatazi mlima. Pesa yako iache benki. Mwambie komisioneri akuandikie majina ya watoto wote wa yule mzee, walioolewa na waliokimbia, pamoja na mjane, na akuambie kama ilikuwa kalinzi au bwasa na nani alishuhudia. Akikasirika, umepata jibu. Akileta majina, mjomba wako atapanda huko njia zikitulia, akae na majirani wa pande zote nne, waizunguke mipaka pamoja wakiwepo wale dada. Ndipo tutazungumza habari ya kadasta, na malipo yatakuwa kwa awamu, mbele ya mashahidi, kwa familia yenyewe.

Nitumie nambari ya huyo komisioneri. Nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya misa.

Mama yako