Vibamba vingi, wanyama wangapi?

SWALI: Nimesoma kwamba kabla ya trilobiti (wanyama wa kale wenye gamba la pingili pingili) kutokea baharini palikuwa na visukuku vidogo vidogo vya magamba, navyo vimepewa majina mengi mno. Je, wanyama wa wakati huo walikuwa wa aina nyingi kiasi hicho?

JIBU: Hapana, kwa sababu wingi wa majina si wingi wa wanyama. Visukuku hivi kwa kawaida havizidi milimita moja au mbili, hivyo mtaalamu huloweka jiwe la chokaa katika asidi hafifu, ile ile inayoipa siki ukali wake, akasubiri hadi chokaa iyeyuke, kisha akachambua masalio chini ya hadubini, chembe baada ya chembe. Anachopata ni vijibomba, vijikofia, miiba na vibamba vilivyojengwa kwa fosfati, aina ya madini, au vilivyogeuka kuwa fosfati baada ya mnyama kufa.

Tatizo ni kwamba mnyama mmoja aliweza kuvaa mamia ya vibamba vyenye maumbo tofauti, na alipokufa vikatawanyika, kila umbo likaweza kupewa jina lake. Mnyama aitwaye Halkieria alijulikana kwa vibamba vyake tu hadi mwaka 1990, Simon Conway Morris na John Peel walipotangaza mabaki kamili kutoka Sirius Passet, kaskazini mwa Greenland: kiumbe mithili ya konokono asiye na nyumba, mgongo wote umeezekwa vibamba, na kombe moja mbele na jingine nyuma. Kombe kama lile likiokotwa peke yake, nani angelihusisha na vibamba vile? Microdictyon naye, aliyefahamika kwa vibamba vyenye matundu kama wavu, alionekana huko Chengjiang, China, kuwa mnyoo mwenye miguu, jozi ya vibamba ikikaa juu ya kila jozi ya miguu.

Hata hivyo, tukishapunguza hesabu, bado wanabaki wanyama wa namna nyingi: moluska wa mwanzo (jamii ya konokono na chaza), jamaa wa brakiopoda (wanyama wa baharini wenye makombe mawili), na wenye miiba ya kukamatia mawindo inayofanana na ya minyoo-mshale, wawindaji wadogo wa baharini wa leo. Kwa maoni yangu, lenye uzito zaidi ni umri wao. Trilobiti huonekana kwenye mawe ya miaka milioni 521 hivi iliyopita, ilhali vijibomba vya kiumbe wa baharini aitwaye Cloudina, vilivyoelezwa kwanza kutoka Namibia, vina karibu miaka milioni 550; na baadhi ya vile vya China vina vitundu ambavyo huenda vilitobolewa na mnyama mla wenzake. Kwa hiyo magamba hayakuzuka kwa mkupuo mmoja.

Tahadhari moja: visukuku hivi hupungua katika mawe ya baadaye, lakini sehemu ya sababu ni kwamba mazingira ya kugeuza magamba kuwa fosfati yalizidi kuwa adimu, si kwamba wanyama wote hao walitoweka.