Kwangu mimi ni Jazz Advance ya Cecil Taylor

Mmeuliza wiki hii ni albamu gani ilitangulia wakati wake, mi nasema Jazz Advance ya mpiga piano Cecil Taylor, imerekodiwa Boston mwezi wa tisa 1956. Watu wakiongelea jazi huru, ile isiyofungwa na kanuni za kawaida za jazi, wengi wanaanzia kwa mpiga saksafoni Ornette Coleman, sawa, heshima yake iko palepale, ila albamu yake ya kwanza ilitoka 1958, Cecil alishafika huko kitambo.

Na wala hakuanza kwa kubomoa kila kitu. Alichukua nyimbo ambazo wapenzi wa jazi walikuwa wanazijua, Azure ya Duke Ellington, You'd Be So Nice to Come Home To ya Cole Porter ambayo anaipiga peke yake kabisa, na Bemsha Swing ya mpiga piano Thelonious Monk na Denzil Best. Hiyo Bemsha Swing ndo inaniua! Buell Neidlinger kwenye besi na Dennis Charles kwenye drams wanatembeza swingi, ule mdundo wa kuyumba wa jazi, vizuri tu kama bendi yoyote ya enzi zile, huku Cecil piano anaipiga kama ngoma, makodi mazito (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) yanagongana, anakata sentensi katikati, anarudi kwa mlango mwingine, na bado wimbo wenyewe unausikia uko mle ndani.

Halafu angalia waliokuwepo. Steve Lacy anapuliza saksafoni ya soprano kwenye nyimbo mbili, wakati ule wanajazi wa kisasa karibu wote walikuwa wameisahau, mpiga saksafoni maarufu John Coltrane aliishika baadaye. Mwenye lebo iliyoitoa albamu, Tom Wilson, kijana tu, ndo huyohuyo aliyekuja kuwa prodyuza wa Bob Dylan na bendi ya roki Velvet Underground. Wapiga piano kama Marilyn Crispell na Alexander von Schlippenbach wa Ujerumani wamepita njia aliyoifyeka Cecil. Cecil mwenyewe miaka hiyo kazi za klabu zilikuwa za shida mpaka akaosha vyombo ili aishi, inaniuma sana, maana Tuzo ya Kyoto, ile tuzo kubwa ya Japani, alikuja kupewa 2013, ana miaka zaidi ya themanini.

Kama hujawahi kumsikia usianze na albamu yake Unit Structures ya 1966, utakimbia bure. Sikiliza kwanza Bemsha Swing ya Monk mwenyewe mara mbili tatu mpaka uweze kuiimba, ndo uje kwa hii ya Cecil.