Kusoma sayansi za jamii chuo kidogo Marekani: hesabu walimu kwanza

Mkuu, umesema umepata nafasi kwenye chuo kidogo cha sanaa huria Marekani (liberal arts, yaani unasoma fani mbalimbali kabla ya kuchagua somo kuu; tusichanganye na chuo huria, ni vitu viwili tofauti kabisa), wanafunzi hawafiki 2,000, unasitasita kati ya sosholojia na siasa, na kila unayemtajia jina la chuo anakuuliza "ndio wapi huko?" Nimepita njia hiyohiyo miaka minne, somo kuu sosholojia.

Hilo la jina nilimalize upesi. Mtaani hawatakijua, hata ukishahitimu. Ila wanaopitia maombi ya PhD wanavijua vyuo hivi vizuri tu. Swarthmore, Carleton, Grinnell na Reed si majina mageni kwao. Kama kuna mjomba wa kunyamazishwa, mwambie Kofi Annan alisoma Macalester, akamaliza 1961.

Kitakachokugeuza ni darasa. Mimi nilitoka sekondari nikiwa hodari wa kukaa nyuma, kunakili na kufaulu. Wiki ya pili tu tulikuwa watu 11 tumezunguka meza, tunamsoma Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, kuhusu mamlaka. Nikanyoosha mkono, nikasema Weber anaona mamlaka ya karisma, yaani ya mvuto wa kiongozi mwenyewe, ndiyo bora. Profesa, mama mmoja mpole sana, hakunipinga. Akauliza tu: "Ukurasa gani?" Nikafunua mbele, nikarudi nyuma, watu kumi wananisubiri. Ukurasa haukuwepo. Weber anagawa mamlaka aina tatu, ya jadi, ya karisma na ya kisheria, basi. Hampi yeyote kombe. Nilikuwa nimesoma muhtasari usiku uliotangulia, kitabu chenyewe sikukigusa, na mkiwa 11 hakuna mgongo wa kujificha nyuma yake. Mpaka leo nikiandika sentensi ya kujiamini sana namsikia yule mama.

Kingine ambacho watu hawakwambii: vyuo hivi vingi havina wanafunzi wa uzamili wala uzamivu kwenye fani hizi. Maana yake insha yako inasahihishwa na profesa mwenyewe, na akitaka msaidizi wa utafiti anakuchukua wewe. Mwaka wa pili nilipewa mahojiano 23 ya wahamiaji niyaandike kutoka kwenye sauti, kisha niweke alama kila sehemu kuonyesha inahusu mada gani. Nilipopeleka ya kwanza, safi, sentensi zimenyooka, akanirudishia. "Kimya kiko wapi?" Kulikuwa na mama aliyeulizwa kuhusu mwanawe aliyebaki kwao, akanyamaza muda mrefu kabla ya kusema "yuko salama". Mimi nilikuwa nimeandika "yuko salama" peke yake. Nikarudia mahojiano yote, napima kimya kwa sekunde. Kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyonifundisha utafiti kuliko somo lolote la mbinu.

Sasa machungu yake. Idara yangu ilikuwa na walimu sita. Mmoja tu ndiye aliyeshughulika na uhamiaji, na yeye ndiye aliyenivuta pale. Mwaka wangu wa nne akaenda likizo ya utafiti mwaka mzima. Ni haki yake, huwa wanapewa kila baada ya miaka kadhaa, lakini mimi nikaachwa na tasnifu ya uhamiaji chini ya mtaalamu wa magereza. Alijitahidi sana, tulisoma pamoja, ila kuna makosa ambayo mwenye fani angeyaona Oktoba, sisi tukayaona Machi. Chuo kikubwa anaondoka mmoja, wanabaki wengine wawili watatu wa fani hiyo. Huku akiondoka mmoja, fani imefungwa.

Kwa hiyo usisome orodha ya masomo kwenye tovuti yao. Ile imejaa masomo ambayo hayajafundishwa muda mrefu. Omba ratiba halisi za mihula minne iliyopita uone ni nini kilifundishwa na nani. Halafu uliza bila aibu nani anatarajia likizo ukiwa mwaka wa tatu na wa nne. Tazama na majirani: Swarthmore, Haverford na Bryn Mawr wanaruhusu mwanafunzi wa chuo kimoja asome somo chuo kingine, vivyo hivyo vyuo vya Claremont, na Amherst, Smith na Mount Holyoke pamoja na chuo kikuu cha jimbo pale Amherst. Chuo kilicho peke yake katikati ya mashamba hakina dawa hiyo.

Takwimu, kama somo, usiikimbie. Sisi wa sosholojia tuna ugonjwa wa kuisogeza mpaka mwaka wa mwisho, halafu data iko mezani na hujui regresheni (hesabu ya kupima jambo moja linavyohusiana na jingine) inasema nini. Ichukue mwaka wa pili. Na kama baadaye utahamia uchumi ukiwa na ndoto ya PhD, jua kwamba kamati zitatafuta hesabu kwanza: aljebra ya mstari na uchanganuzi halisi, kutoka idara ya hisabati.

La viza lijue kabla hujasaini. Ukiwa na F-1, viza ya mwanafunzi, kazi ya ndani ya chuo ni mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukihitimu unaomba OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ya miezi 12. Wenye shahada zilizomo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) wanaweza kuongeza 24. Sosholojia haimo, sayansi ya siasa ya kawaida nayo haimo. Uchumi unategemea chuo kimeusajili kwa msimbo gani, yaani namba rasmi ya fani: vyuo kadhaa vimehamia 45.0603, wa ekonometria (takwimu za uchumi) na uchumi wa kiasi, ambao umo. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni msimbo wao kwa namba, wasikujibu kwa maneno. Mimi nililijua hili nikiwa mwaka wa nne, nikimwangalia mwenzangu wa uchumi akipanga miaka mitatu ya kazi na mimi napanga mmoja.

Kuhusu sosholojia au siasa, hilo lisikukoseshe usingizi. Vyuo vingi vya namna hii unatangaza somo kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Muhula wa kwanza chukua moja huku na moja kule, na kabla ya kujiandikisha omba silabasi. Ukiona mwalimu anataka insha fupi kila wiki, wengi watamkimbia. Wewe nenda kwake.