Si kila "kama" ni tashbihi

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Lamu. Kwenye jaribio niliandika kuwa "Jahazi la Matondoni ni kubwa kama lile la Shela" ni tashbihi, nikakosolewa. Kwani "kama" siyo alama ya tashbihi? Na sitiari si ni tashbihi iliyoondolewa "kama"?

JIBU: Mwanangu, aliyesahihisha yuko sawa, lakini naelewa ulipoteleza. Sisi walimu tumewazoesha kuwinda neno, maana tukaiacha ipite.

Jahazi na jahazi ni vitu vya aina moja. Kuyalinganisha ukubwa ni kupima tu, kama fundi apimavyo mbao. Tashbihi hukutanisha vitu visivyo vya aina moja kwenye sifa moja: "Tanga lilivimba kama shavu la mpiga zumari." Tanga na shavu vina udugu gani? Havina ila ule upepo uliovijaza, na hapo ndipo utamu ulipo. Halafu "watu kama kumi" ni makadirio, na "kama unakwenda Shela" ni sharti. Tashbihi nayo huweza kuja bila "kama": mithili ya, mfano wa, ungedhani, na "ja" ya washairi.

Sitiari haifananishi, huazima: hutwaa jina la kitu kimoja ikakiita kingine. Jina lenyewe lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kuazima. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauita ulimwengu "bahari tesi", bahari iliyochafuka, kisha anaitia matumbawe. Hebu tia "kama" hapo uone. Msomaji atabaki ufuoni akilinganisha. Bila "kama" yumo chomboni, na matumbawe yako chini ya miguu yake. Kwa hiyo sikubali kabisa kwamba sitiari ni tashbihi iliyopungukiwa na neno.

Chunga pia tahajia. Katika masomo yetu ya Kenya, "istiara" ni hadithi nzima yenye maana ya pili iliyofichika, ingawa vitabu vingine huitumia kwa maana ya sitiari.

Siku nyingine usiishie kulitaja jina la tamathali ya usemi, iwe tashbihi au sitiari. Andika vitu viwili vinavyokutanishwa, kisha sifa inayoviunganisha: tanga, shavu, kujaa upepo. Ukiikosa sifa hiyo, au ukikuta vitu vyenyewe ni vya aina moja, hapo hapana tashbihi hata "kama" ziwe tatu.